Mwaka wa Madoadoa

Mama Chebet alizikwa Jumamosi iliyopita, na hakuzikwa kwake Kuresoi. Walimzika nyuma ya nyumba ya binti yake Chebet, kwenye kipande cha ardhi karibu na Salgaa, mahali ambapo malori yakianza kupanda mlima hata mhubiri lazima anyamaze kwanza yapite. Nilisimama nyuma kabisa, pamoja na wanawake wa jikoni. Mmoja wao, akimenya karoti, aliniuliza mimi ni wa wapi, wa kanisa au wa chama cha akina mama. Nikamwambia nilimjua marehemu kwa simu. Alinitazama juu mpaka chini akarudi kwa karoti zake, na simlaumu, maana siku hizi ukisema umemjua mtu kwa simu watu hufikiria mambo mengine. Lakini ni kweli. Mwaka mzima nilimjua kwa sauti, kwa mabati ya paa lake na kwa kelele za kuku wake, na uso kwa uso tulionana mara moja tu, siku ambayo ningependa isingekuwako. Nimerudi mjini na hasira ambayo nilidhani imeisha zamani. Mimi si kijana tena, nauza vitambaa vya mapazia, na wateja wananijua kama mtu mpole. Hata hivyo juzi nilikata kitambaa cha mtu vibaya mara mbili, nikalazimika kumlipa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na cheti ambacho hakuna aliyekihitaji. Mhadhiri mmoja wa sayansi ya siasa, nitamwita Daktari kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa hata na muuza ndizi, alikuwa amepata kazi ya utafiti kutoka chuo kimoja cha ng'ambo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na alitaka kujua watu wa kawaida wa Bonde la Ufa huzungumzaje siasa wakiwa pamoja. Zamani kazi hiyo ilifanywa ukumbini: unakusanya watu, unawapa soda na mandazi, wanaketi duara, unauliza maswali na kurekodi wanavyojibizana. Daktari alikuwa amechoka na ukumbi. Alisema ukumbini watu wa upande mmoja huja wote, na wa upande wa pili hupata udhuru. Mtandaoni, alisema, unaweza kumkalisha mkulima wa Kuresoi na mfanyakazi wa maua wa Kamere na dereva wa Salgaa katika mazungumzo mamoja, kila mtu yuko kwake, hakuna anayejua mwenzake ni nani. "Mtandaoni hakuna kabila, Zuhura," aliniambia siku aliponiajiri. Nilimwamini. Umri ule mtu akiniambia jambo kwa utulivu, huku amevaa miwani, nilikuwa naliamini. Mimi alinichukua kwa ajili ya ulimi wangu. Nimekulia Bondeni, mtaa wa Waislamu mjini Nakuru, na nikiongea hakuna mtu wa huku anayeweza kuniweka upande wowote. "Wewe uko katikati," alisema, kana kwamba hiyo nayo ni digrii.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Jagdish. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na dirishani tukaegemeza godoro kuukuu ili kelele za barabara zipungue. Chumba chote kilinuka rangi ya mafuta. Mchana tulikula chapati na maharagwe kutoka kibanda cha nyuma, na mke wa mzee Jagdish alikuwa akituletea achari ya ndimu kwenye chupa ya jemu, kali mpaka Daktari anavua miwani apanguse macho. Godoro halikusaidia kitu kwa sauti za chini. Siku nzima tulisikia biashara ya watu: "Boss, nipimie misumari." "Ya mabati ama ya mbao?" Maneno hayo yamo katika rekodi zetu zote. Mahali fulani ng'ambo yuko mtu aliyepewa kazi ya kuchapa kila neno lililosikika, na ninaamini mpaka leo anajua aina zote za misumari inayouzwa Nakuru.

Ili kuwaficha, kila mshiriki tulimpa jina la ziwa. Dereva wa Salgaa alikuwa Bogoria. Msichana wa Kamere, aliyekuwa akikata waridi kwenye mashamba ya maua, tulimwita Magadi. Mama Chebet alipewa Elementaita, akajaribu kulitamka mara moja kisha akakataa: "Hii jina ni refu sana. Nyinyi mniite Mama tu." Walikuwapo pia wanaume watatu waliokuwa wakijibu kwa neno moja moja, na hao sina la kusema juu yao. Majina yalifichika vizuri. Ndimi hazikufichika. Huku kwetu mtu akisema "habari yenu" tu, wenzake wameshajua mama yake alimbembeleza kwa lugha gani, kwa vile anavyoibana b au anavyoiviringisha r. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijamaliza kusoma masharti ya siri, nilisikia kwenye salamu zao kwamba wameshajuana. Hakuna aliyetaja. Walikuwa na adabu sana, na Daktari aliiandika adabu hiyo kuwa mafanikio.

Lakini niliwapenda watu wale, na sioni haya kusema hivyo. Kila Alhamisi jioni walinifungulia nyumba zao bila kujua. Bogoria alikuwa akiingia kutoka hoteli moja ya kando ya barabara, simu ameiegemeza kwenye chupa ya pilipili, na nyuma yake mhudumu akiita, "Matumbo moja, ugali kubwa, na supu ya huyo mzee!" Magadi aliishi chumba kimoja na wenzake wawili, wao wakikaanga samaki na yeye akijadili katiba, na mara nyingine alikuwa akisimama katikati ya hoja yake kuwaambia wasimalize mafuta. Mama Chebet alikuwa akiiweka simu kifudifudi au chali, popote, kwa hiyo sisi tuliona mabati ya paa lake tu, au giza. Mvua ikinyesha Kuresoi ilikuwa inatunyeshea sote. Alikuwa akizungumza polepole, kama mtu anayepepeta, na watu walikuwa wakimngoja. Siku moja Bogoria alilalamika kwamba wanasiasa wote ni wezi na haoni haja ya kupiga kura, akamjibu, "Kijana, hata mimi ng'ombe yangu inanipiga teke, lakini kesho bado naenda kukama." Bogoria alicheka mpaka chupa ya pilipili ikaanguka. Nikafikiri, basi, Daktari yuko sawa, inawezekana. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa na furaha, na furaha ya namna ile sijaipata tena kazini.

Kitu ambacho Daktari alinifundisha kuliko vyote ni kunyamaza. Ukishauliza swali gumu, alisema, usiwasaidie watu. Funga mdomo, acha kimya kiwakere, kimya ndicho kinachowafanya waseme la moyoni. Ukumbini labda ni sawa, maana unaona nyuso, unaona nani anakuna shingo na nani anatazama mlango. Mtandaoni kimya hakina uso. Hujui kama watu wanafikiri, au netiweki imekatika, au mtu ameenda kufukuza mbuzi. Alhamisi moja, uchaguzi ukiwa karibu kabisa, nilifika kwenye swali ambalo Daktari alikuwa amelipigia mstari. Nikalisoma kwa sauti yangu ile tamu ya kazi: "Je, mngependa nini kifanyike hapa kwetu kabla ya uchaguzi ili tuishi kwa amani?" Kisha nikanyamaza nilivyofundishwa. Maiki zote zilikuwa zimefungwa isipokuwa moja, ya Mama Chebet, ambaye hakuwahi kujifunza kuifunga. Kimya kikakaa. Halafu sauti yake ikaja, kavu, ya mtu anayetoa amri nyumbani kwake: "Toa hiyo madoadoa yote. Usiache hata moja."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Huku kwetu, mwaka ukiwa wa uchaguzi, madoadoa si ya nguo wala ya ngozi. Ni watu. Ni jirani wa kabila lingine, anayeonekana kuchafua mahali, na mtu akisema madoadoa yatolewe anasema watu wafukuzwe. Nyumba zimechomwa baada ya neno hilo. Makabila sitayataja, wa hapa wameshajua ni nani na nani, na wa mbali hayatamsaidia. Inatosha kujua kwamba Mama Chebet alikuwa wa upande mmoja, Bogoria na Magadi wa upande wa pili, na neno lile kutoka kwenye ulimi ule lilikuwa na maana moja tu.

Niliona Magadi akitoka kwenye skrini, kisha wale wanaume, mmoja baada ya mwingine. Bogoria alibaki, amejishusha kofia. "Madam, wacha nitoke kidogo, gari inapakiwa," akasema, ingawa nyuma yake lori lilionekana limeshafunikwa turubai. Akatoka. Nikamuuliza Mama alikuwa anasema nini, na mama wa watu akashtuka kwamba tulikuwa tunamsikia. "Nani, mimi? Nilikua naambia Mama Kamau. Tuko hapa stoo tunachagua waru ya mbegu, viazi za kupanda, atoe hizo ziko na madoa zisiharibu zingine." Na kweli nikasikia sauti ya mwanamke mwingine, inacheka, inauliza, "Na hizi ndogo ndogo?" Mama Chebet akamjibu aziweke. Halafu nadhani alisikia mwenyewe alichosema. "Woi! Nimesema hiyo neno?" Nikamwambia amelisema. "Waite," akaniomba, "waite nirudi niwaambie ni waru." Niliwapigia wote jioni ile. Hakuna aliyeshika simu.

Mama Kamau alikuwa jirani yake. Mashamba yao yalipakana, na wamama hao walikuwa wakipanda pamoja, wakivuna pamoja na kuazimana kila kitu kuanzia jembe mpaka sufuria ya harusi. Na Mama Kamau alikuwa wa ule upande wa pili. Yaani mtu aliyeambiwa atoe madoadoa alikuwa mwenyewe, kwa hesabu ya siasa, doa. Nililala nimetulia kidogo kwa sababu hiyo. Nilijiambia shahidi yupo, na shahidi huyo hakuna atakayemkataa.

Kufikia mwisho wa wiki kipande kilikuwa kwenye kila grupu la simu kutoka Molo mpaka Naivasha. Swali langu tamu, kimya, kisha amri ile. Kilikatwa hapo hapo. Watu walikisambaza na emoji za kilio na za moto, na ingawa skrini ilionyesha Elementaita, wa Kuresoi waliitambua sauti kabla haijamaliza sentensi. Nilimtafuta Bogoria mpaka akanishikia simu. "Ni wewe?" nikamuuliza.

"Madam, mimi sikutaka ubaya," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niko na sista huko Kuresoi, na watoto wake. Ile mwaka ingine walitoka na nguo ya mwili tu. Simu yangu hurekodi zote, nikakata hiyo nikatumia yeye peke yake, nikamwambia ajipange mapema."

"Na waru? Mama alieleza ni waru."

"Nilikua nishatoka. Nimeskia hiyo baadaye, na nimemwambia sista. Ameniuliza, na kama haikuwa waru?"

Sikuweza kumchukia. Nimejaribu miaka hii yote, ingekuwa rahisi zaidi. Daktari nilimchukia bila kujaribu. Nilipomwendea alikuwa ameshaisikiliza rekodi tena na tena, na macho yanamng'aa. "Zuhura, hii ndiyo data," aliniambia. "Angalia walivyotoka, bila hata kuuliza. Kile kimya ni jibu tosha." Nikamwambia jibu lina jina, linaishi Kuresoi, na anaweza kulisaidia kwa kuitoa rekodi nzima watu wasikie Mama Kamau akicheka. Akavua miwani. Rekodi haiwezi kutoka, alisema, tuliwaahidi washiriki siri, na chuo cha ng'ambo kingefunga mradi. Kwa hiyo uongo ulikuwa kwenye simu ya kila mtu, na ukweli ulikuwa siri ya kitaaluma. Chini mtu alikuwa anabishania bei ya bawaba. Daktari alikuwa sahihi kuhusu masharti, na alikuwa sahihi hata kuhusu kimya, na hilo ndilo linalonichoma. Niliinakili rekodi kwenye simu yangu siku hiyo hiyo alipotoka kwenda kula, na ningefanya tena.

Mama Chebet alikuwa akinipigia mwenyewe sasa, si Alhamisi tu. Waliokuwa wakinunua maziwa kwake waliacha kuja. Hawakumtukana, walipita tu na mitungi yao kwenda mbali zaidi. Chifu alimwita, akamwambia ajichunge. Watoto waliitwa ndani akipita. Lakini yaliyomtisha zaidi yalitoka upande wake mwenyewe, kwa vijana asiowajua, waliopata namba yake sijui wapi. "Wananiambia, 'Mathe, umeongea. Tuko nyuma yako.' Nyuma yangu wapi? Mimi nilikua stoo!" Alilia, nami nikalia huku juu kati ya trei za mayai. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, kubaki kwake. Mume wake alizikwa pale, na yeye alikuwa ameshachagua mahali pake kando yake. Nikamwambia aite majirani, nitakuja na rekodi.

Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe mpaka uone haya kukaa. Yeye mwenyewe alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa amepika chai ya maziwa na kuchemsha viazi, akaviweka mezani na chumvi pembeni, na nakumbuka hakuna aliyevigusa. Majirani, wengi wa upande wa Mama Kamau, walijaa mpaka mlangoni. Mzee mmoja aliomba, tena aliomba vizuri. Kisha nikawachezea rekodi, yote. Wakasikiliza wameinamisha vichwa. Ilipofika pale pa "Na hizi ndogo ndogo?" watu wawili watatu walimtazama Mama Kamau, aliyekaa kwenye kiti cha karibu na mwenye nyumba, na nikaona mmoja anatabasamu. Moyo wangu ulitulia. Nikasema kwisha, tumeokoka.

"Asante, msichana," yule mzee akasema. "Umetoka mbali. Lakini hiyo ya waru sisi tulijua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikauliza walijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza," Mama Kamau akasema. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na alikuwa akiongea huku akijifunga upya kitambaa chake cha kichwa. "Mimi niliwaambia. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wakaniuliza, sawa, ni waru, na ndani ya roho yake unajua kuko nini? Nikasema najua. Nikarudi kwangu nikakaa, nikajiuliza, kwani najua?"

"Mama Kamau," Mama Chebet akasema. "Si ni mimi."

"Ni wewe. Na siku ile neno ilitoka kwa mdomo yako, hapo kwa stoo, roho yangu iliruka. Nilicheka, lakini iliruka kwanza. Na nilikua nimeshika kiazi kwa mkono."

Niliwasubiri watu wale wamkatalie. Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kusubiri. Walitazama vikombe vyao, na kwa mara ya kwanza niliona nyuso za kile kimya. Hakukuwa na chuki ndani yake, na ningependa ingekuwapo, kwa sababu chuki unaweza kubishana nayo. Walikuwa wamechoka tu. Uchaguzi wenyewe ulikuja kupita salama, hakuna hata banda la kuku lililochomwa upande ule, na Daktari aliandika kwamba jamii ile ilionyesha ustahimilivu. Wengine husema basi hofu yao haikuwa na msingi. Mimi nilikuwa kwenye sebule ile. Ushahidi wote niliokuwa nao waliukubali.

Mama Kamau alimaliza kufunga kitambaa, akaushika mkono wa rafiki yake, akauweka kwenye paja lake. "Enda tu kwa Chebet," akamwambia. "Ukikaa hapa nitakuogopa. Na mimi sitaki kukuogopa."

Alihama wiki hiyo hiyo. Mama Kamau ndiye aliyekuja kumsaidia kufunga vyombo, na vikombe alivifunga kimoja kimoja kwa magazeti, visije vikavunjika njiani.